Pikapu ya otomatiki yenye mileji kubwa: nani abebe hatari?

Ingia gereji yoyote kuanzia Nakuru hadi Kakamega, uulize kuhusu pikapu ya otomatiki iliyokwisha kutembea kilomita 200,000. Jibu halitabadilika sana: achana nayo, tafuta ya gia za mkono. Fundi anayesema hivyo hajatunga. Amewaona wateja waliofika na gari linalovuta kwa gia moja tu, wakatajiwa bei ya giaboksi, wakaondoka kwenda kutafuta pesa na gari likabaki uani hadi nyasi zikaota chini yake. Hata hivyo, ushauri huo umewanyima watu wengi magari mazuri, na umewafanya wengine wanunue mabovu eti kwa sababu tu yana klachi ya kukanyaga.

Tuanze na kinachoiua giaboksi yenyewe. Kwenye otomatiki ya kawaida, nguvu ya injini hupita katika konvata, ambamo oili ndiyo inayosukuma, kisha huingia kwenye seti za klachi ndogo zinazobanwa na shinikizo la oili hiyo hiyo. Oili inasukuma, inalainisha na inapoza, yote kwa pamoja. Adui yake mkubwa ni joto. Gari likienda kwa mwendo wa kadiri kwenye tambarare za Ahero, konvata hujifunga, hakuna kuteleza, na joto huwa dogo. Lipandishe kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit, magunia ya viazi nyuma, lori linalotambaa mbele: konvata inabaki wazi, oili inachapwa mfululizo, na joto linapanda. Ndiyo maana pikapu mbili zenye mileji sawa zinaweza kuwa na giaboksi zilizochakaa kwa viwango tofauti kabisa. Moja ilimbeba meneja kutoka nyumbani hadi ofisini, nyingine ilizaliwa na kuzeekea kwenye milima ya chai ya Kericho.

Shida ni kwamba mnunuzi hana njia rahisi ya kujua ni ipi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo pikapu nyingi zilizochoka tunazouziana zimechokea humu humu nchini. Zilikuwa za kampuni, za mashirika, za kaunti. Zikaenda mnadani, zikapitia kwa broka, zikafika kwa mkulima. Katika safari hiyo daftari la sevisi ndilo hupotea la kwanza. Na namba za mileji zinarudishwa nyuma, sote tunajua.

Hapo ndipo suala la oili linapokuwa gumu. Baadhi ya watengenezaji walitangaza kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha yote ya gari, na wamiliki wakafurahi kuokoa pesa. Lakini ZF ya Ujerumani, ambayo ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa giaboksi duniani, inashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Giaboksi ya gia sita iliyofungwa kwenye Ford Ranger za lita 3.2 chimbuko lake ni muundo wa ZF hiyo hiyo. Kwa barabara zetu na mizigo yetu, mimi nisingengoja hata 80,000.

Mafundi wengi nao wana hofu ya upande wa pili: ukibadilisha oili kwenye otomatiki ambayo haijawahi kuguswa, unaimaliza. Wameona ikitokea. Gari linakuja likibadilisha gia kwa shida kidogo, linamwagwa oili, na wiki hiyo hiyo linakataa kwenda. Tukio ni la kweli, ila sababu ni nyingine. Giaboksi hiyo ilikuwa imekwisha. Huenda unga wa klachi uliokuwa ukielea kwenye oili nzee ndio uliosaidia sahani za zile klachi ndogo kushikana. Tena mara nyingi oili ilisafishwa kwa mashine ya kusukuma kwa nguvu, uchafu ukang'oka na kuziba vijia vya valvu. Kumwaga oili ya chini tu na kujaza kiasi kile kile kilichotoka ni njia ya upole zaidi, maana oili nyingi hubaki ndani ya konvata na mabadiliko huja taratibu. Utaratibu huo urudiwe baada ya muda. Na kipimo kizingatiwe: otomatiki nyingi za kisasa hazina kijiti cha kupimia, kiwango hupimwa gari likiwa limewashwa na oili ikiwa kwenye joto maalumu. Fundi anayejaza kwa kukisia anaharibu kitu kizima.

Sasa upande wa gia za mkono, ambao husifiwa kana kwamba hauna gharama. Mwenye pikapu ya kuajiri dereva anajua klachi inavyoliwa na mtu ambaye hainunui. Na baadhi ya dizeli za kisasa zina flaiwili (gurudumu zito ambalo klachi hubana) ya vipande viwili, ambayo ikichoka bei yake haina undugu na ile ya klachi tuliyoizoea kwenye Hilux za zamani. Kwenye matope ya Nyando wakati wa masika, otomatiki huondoka polepole bila dereva kukaanga klachi. Sitawabishia wenye biashara wanaosema walihamia otomatiki kwa sababu ya madereva; hesabu yao ni sahihi.

Lakini kuna tofauti moja ambayo haiondoki. Klachi ikianza kuteleza mlimani, unapata nafasi ya kujipanga, na fundi wa jua kali wa Kondele au wa Nakuru ataishusha na kuirudisha bila kompyuta. Otomatiki ikifa, gharama huja kwa mkupuo, inaingia kwenye malaki, na giaboksi ya kubadilisha nayo ni ya mtumba yenye historia isiyojulikana. Huwezi kuisukuma iwake betri ikilala. Huwezi kuivuta kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa yakizunguka, maana pampu ya oili huendeshwa na injini, na injini imezimwa.

Mengine ni magonjwa ya ukoo, na hayahusiani na mileji. Nchini Marekani, Nissan Frontier, ndugu wa Navara, za 2005 hadi 2010 zilijulikana kwa rejeta, ambayo pia hupoza oili ya giaboksi, inayopasuka ndani na kuchanganya maji na oili ya giaboksi. Ford nayo iliziita zirudi kurekebishwa pikapu zake za F-150 za 2011 hadi 2013 kwa awamu mbili, 2016 na 2019, kwa sababu giaboksi ya gia sita ingeweza kurudi gia ya kwanza ghafla. Tatizo lilianzia kwenye ishara ya kihisi cha kasi. Ranger yetu ina giaboksi ya jamii hiyo. Kwa hiyo gari likikwama kwenye gia moja, lipimwe kwa mashine kwanza. Kuna watu wamenunua giaboksi nzima kwa ugonjwa wa kihisi.

Msimamo wangu ni kwamba hatari hii ibebwe na bei. Muuzaji mwenye risiti za oili ya giaboksi apewe bei yake kamili. Asiye nazo apunguze kiasi cha giaboksi nyingine, au abaki na gari lake. Uende asubuhi, injini ikiwa baridi, uguse boneti kuhakikisha hajaipasha. Weka R (kurudi nyuma), kisha D (kwenda mbele): ikichelewa kushika au ikigonga, umeshaonywa. Dondosha oili ya giaboksi kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu au kahawia hafifu inaweza kujadiliwa. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, hapana. Ya waridi iliyochanganyika kama maziwa ina maana maji yameingia, ondoka. Kisha panda nayo Riat kutoka Mamboleo kama uko Kisumu, au kuelekea Menengai kama uko Nakuru, urudie R na D ikiwa moto. Giaboksi nyingi zilizochoka hujificha zikiwa baridi.

Anayebeba miwa Muhoroni kwa gari la mkopo wa sacco, ambalo lazima litoke kesho ndipo marejesho yalipwe, anunue ya gia za mkono, hata ikiwa otomatiki imepita vipimo vyote. Mwenye akiba ya kukaa na gari bovu kwa mwezi mmoja anaweza kuichukua otomatiki, na pesa aliyopunguziwa iende kwanza kwenye oili sahihi na kipoza oili cha pembeni kilichotenganishwa na rejeta.