Zombi asiye na mwenyewe: filamu za kuchekesha za pesa kidogo na lawama za Malindi

Lawama dhidi ya vijana wa Malindi wanaojaribu kutengeneza filamu za kuchekesha za mazombi kwa simu na vijisenti vya mfukoni hutoka pande mbili ambazo kwa kawaida hazikai baraza moja. Upande wa kwanza ni wa wapenzi wa sanaa, wanaosema kwamba huo ni uigaji mtupu wa mambo ya Marekani, na kwamba Pwani ina majini, mizimu na misukule ya kutosha bila ya kwenda kuazima wafu wa watu wengine. Upande wa pili ni wa wazee na watu wa dini, ambao hawajali kama kitu ni cha kuiga au cha asili. Wao husema kwamba maiti husitiriwa, hafanyiwi mzaha, na kwamba katika mji huu hasa, baada ya vifo vya waumini wa msitu wa Shakahola, mtu anayejipaka unga usoni na kujifanya mfu ili watu wacheke amekosa adabu. Hoja hii ya pili ni nzito, nami nitaifikia. Ile ya kwanza inasikika vizuri kuliko ilivyo, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Pande zote mbili hukubaliana juu ya jambo moja, kwamba filamu hizi ni mbovu kwa macho, na nyingi ni mbovu kweli. Lakini ubovu wa filamu ya kuchekesha si sawa na ubovu wa filamu ya kutisha. Katika filamu ya kutisha, kidonda cha plastiki kikibanduka shavuni, hofu yote imekwisha. Katika filamu ya kuchekesha, kidonda hicho kikibanduka, mwandishi mwenye akili amepata tukio jipya bila ya kulipia. Mfano ulio wazi zaidi ni filamu ya Kijapani ya Shin'ichirō Ueda ya mwaka 2017, inayojulikana kimataifa kwa jina la One Cut of the Dead. Dakika 37 za mwanzo zimepigwa mfululizo bila ya kukata, na ndani yake waigizaji wananyamaza pasipo sababu, mazungumzo yanakwenda kombo, damu inarukia kioo cha kamera na mkono unakuja kuifuta. Mtazamaji hudhani ameuziwa takataka. Kisha filamu inarudi nyuma na kumwonyesha yaliyokuwa yakitokea upande wa pili wa kamera, na kila dosari aliyoicheka kwa dharau anaiona sasa kuwa ni watu waliokuwa wakihangaika kuiokoa kazi isizame. Sijui aina nyingine ya filamu inayoweza kumfanya mtazamaji aupende umaskini wa filamu yenyewe kiasi hicho.

Kwa Malindi jambo hili si nadharia. Damu ya filamu za hapa hupikwa kwa namna ile ile ya mabuyu: sukari na maji motoni hadi yawe mazito, rangi nyekundu ya chakula, kisha kijiko cha kakao ili isije ikaonekana ya waridi kwenye simu. Ni rahisi na hushika ngozi vizuri. Ubaya wake ni kwamba ni tamu, na mwigizaji aliyelazwa chini ya mkungu kama maiti hufikiwa na nzi, kisha nyuki, kabla hata mwenye kamera hajaridhika na mwanga. Maiti anayempiga kofi nyuki ni hasara katika tamthilia ya huzuni, ilhali katika kichekesho huenda ndiyo sekunde bora ya siku nzima. Upepo ni taabu zaidi. Majira ya kusi, ufuoni, kipaza sauti cha simu hakinasi ila mvumo, na maneno ya waigizaji hupotea. Lakini mtengenezaji filamu Isaac Nabwana na wenzake wa Wakaliga, Kampala, walikwisha kuonyesha kwamba sauti ya msimulizi mcheshi inayoingilia kati ya filamu inaweza kuwa ndiyo utamu wake, na mtazamaji wa Kenya aliyekulia vibandani akimsikiliza DJ Afro, msimulizi wa filamu, hahitaji kufundishwa kuipokea sauti hiyo.

Sasa turudi kwenye uigaji. Wanaotwambia tuachane na zombi tuchukue msukule hawajauliza zombi huyu ametoka wapi na amepoteza nini njiani. Zombi wa asili ni wa Haiti, nchi iliyojengwa kwa jasho la watumwa wa mashamba ya miwa, naye ni mtu aliyeuawa kwa uchawi kisha akaamshwa ili amfanyie kazi aliyemroga. Tukimtazama vizuri, huyo ni ndugu wa damu wa msukule, ambaye nyumbani kwao waombolezaji huambiwa wamezika mgomba huku mwenyewe akilima shamba la mtu usiku. Filamu za mwanzo za Marekani, tangu mwaka 1932, zilimchukua pamoja na mchawi wake. Kisha, karibu na jiji la Pittsburgh, George Romero na wenzake walitumia dola zipatazo 114,000 kutengeneza Night of the Living Dead, filamu ya rangi nyeusi na nyeupe iliyotoka mwaka 1968, ambayo wafu wake wanainuka bila ya kuinuliwa na mtu yeyote. Watangazaji wa televisheni ndani ya filamu hubahatisha habari za mnururisho kutoka angani, na hakuna anayethibitisha. Mchawi ameondolewa. Na kwa kisa cha ajabu, filamu yenyewe nayo ikabaki haina mwenyewe: msambazaji alipobadilisha jina la filamu, tangazo la hakimiliki liliachwa nje ya nakala mpya, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule hilo lilitosha kuifanya mali ya umma.

Kwa hiyo zombi wa leo hana aliyemroga wala hana anayemdai, na hapo ndipo ninapoona wapenzi wa asili wamekosea hesabu. Msukule ana mwenyewe. Kijijini, mwenyewe huyo ana jina, ana nyumba, na mara nyingi ana shamba ambalo mtu fulani analimezea mate. Kaunti hii ya Kilifi imeshuhudia kwa miaka mingi wazee wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, mvi zikiwa ushahidi wa kutosha na ugomvi wa ardhi ukiwa nyuma ya pazia. Kituo cha Kaya Godoma, kule Ganze, kimekuwa kikiwahifadhi waliokimbia watoto na wajukuu wao wenyewe. Filamu ya msukule, hata ikiwa ya kuchekesha, lazima imtafute mchawi, na kamera ikianza kumtafuta itamkuta pale pale jamii ilipozoea kumkuta, kwa bibi kizee anayeishi peke yake. Kumwambia kijana anayeanza kwamba filamu hiyo ndiyo yenye heshima, na ile ya zombi ndiyo ya kipuuzi, ni kumtoa penye usalama na kumpeleka penye moto. Nakubali kwamba mwandishi aliyekomaa angeweza kutengeneza kichekesho cha msukule kinachowacheka wanaotuhumu, na hicho kingekuwa bora kuliko vyote tunavyovizungumzia hapa. Lakini hicho ni kazi ya mtu aliyekomaa. Anayeanza atamtafuta bibi, ampake wanja mwekundu machoni, amalize.

Hoja ya Shakahola haijibiki kwa ustadi wa namna hii. Tangu Aprili 2023, katika msitu huo ulio karibu na Malindi hii hii, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, waumini walioambiwa wafunge hadi kufa. Miili ililetwa katika chumba cha maiti cha hospitali ya mjini, familia zikatoa sampuli za DNA zikangoja, na ya kwanza ilikabidhiwa kwa wenyewe Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Mtu ambaye jamaa yake hajatambuliwa hana deni la kucheka na yeyote. Wazee wanaposema kuna mambo mji haujayazika, wanasema kweli, na sioni namna ya kuwapinga. Ninachoona ni mipaka: msitu usipigwe picha, makaburi yasifukuliwe mbele ya kamera, mhubiri wa Shakahola asiwe mhusika. Na makaburi ya nguzo yaliyo karibu na Msikiti wa Juma si mandhari ya mchezo, hata kama yanapendeza machweo.

Lakini ndani ya mipaka hiyo pana nafasi kubwa, kwa sababu kichekesho kizuri cha mazombi huwacheka walio hai. Filamu ya Alejandro Brugués ya Kuba, Juan of the Dead, ya mwaka 2011, ilifanya hivyo mbele ya serikali isiyopenda kuchekwa: mazombi wanajaa Havana, vyombo vya habari vinasema ni wapinzani wanaolipwa na Marekani, na shujaa anafungua biashara ya kuwaulia watu jamaa zao waliogeuka, kwa malipo. Hakuna maiti anayedhihakiwa hapo. Malindi ina wahusika wake wanaongoja: kijana wa ufuoni anayemsalimia zombi kwa Kiitaliano na kumwuliza kama anataka safari ya mashua, au dalali anayemwuzia mfu kiwanja cha ufuoni ambacho tayari amewauzia watu wawili walio hai. Mzee atakayekasirishwa na dalali huyo atakuwa na sababu nyingine kabisa ya kukasirika.

Linalonisumbua mimi ni jambo ambalo wakosoaji hawaligusi, nalo ni tarakimu. Filamu ya Ueda iligharimu yeni milioni 3, kama dola 25,000 hivi, na nchini Japani pekee ikaingiza zaidi ya yeni bilioni 3, yaani mara elfu moja. Marc Price wa Uingereza naye alisema kwamba Colin, filamu yake ya zombi ya mwaka 2008, ambayo si ya kuchekesha, ilimgharimu pauni 45. Tarakimu hizi zina mvuto mkubwa kwa kijana asiye na kitu, nazo hupunja ukweli. Kwanza, dola 25,000 ni pesa ndogo Tokyo, Malindi si ndogo hata kidogo. Pili, pauni 45 hazikununua kamera, kwa maana kamera ilikuwepo, wala hazikulipa waigizaji na wapambaji, kwa maana walijitolea. Waigizaji wa Ueda nao walitoka katika warsha ya shule ya filamu ya ENBU Seminar, watu wasio na jina waliokuwa wakijifunza kazi. Tarakimu inayotajwa ni ya vitu vilivyonunuliwa, watu hawamo.

Na filamu ya mazombi inakula watu kuliko filamu nyingine yoyote. Mapenzi yanahitaji wawili, ilhali uvamizi wa wafu unahitaji umati. Kijana wa bodaboda anayelala chini kutwa nzima akiwa amepakwa sukari amepoteza mapato ya siku, na mama anayewapikia watu thelathini biriani ametumia gesi yake. Kibali nacho kina gharama, kwani Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inadai leseni kabla ya kupiga picha, na kikundi kikitaka magofu ya Gede lazima kiongee na Makavazi ya Kitaifa. Ikitokea filamu imeuzwa, anayekumbukwa ni mwelekezi. Kikundi kisichoweza kulipa kinaweza angalau kuandika kwenye karatasi, kabla ya siku ya kwanza, nani atapata fungu gani, na kila mmoja akatia sahihi pamoja na yule wa bodaboda. Kisipoweza hata hilo, basi kiandike hadithi ya zombi mmoja tu, amekwama ndani ya nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba amefika kudai kodi.