Siku Tatu Mombasa: Ratiba Ijae au Ipwe?

Likizo za Agosti na Desemba, familia kutoka bara hushuka treni Miritini na ratiba imeshajaa: asubuhi Fort Jesus, kisha Haller Park, alasiri mitelezo ya maji pale Wild Waters, jioni ufuo wa Pirates, kesho feri ya Likoni kwenda Diani. Wanaopanga hivyo wana hoja. Nauli imedundulizwa mwaka mzima, huenda wasirudi karibuni, na mtoto aliyesoma habari za Wareno anastahili kuzigusa kuta za Fort Jesus walizoanza kuzijenga 1593.

Lakini mzazi anayeacha nusu ya siku wazi huonekana mvivu, na hapo anaonewa. Yeye ndiye aliyeielewa Pwani. Tazama bahari: hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa kama dakika 50 kila siku. Yakijaa saa nane leo, kesho ni karibu saa tisa. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Basi familia iliyoandika “kuogelea saa kumi” yaweza kufika ikakuta maji yamekwenda zake, watoto wanakanyaga mwani. Majedwali ya maji yapo, na mvuvi yeyote atakueleza bure, ila elimu hiyo humfaa mwenye nafasi ya kusogeza mambo. Aliyejaza kila saa atajua tu kwamba amekosa.

Haller Park nayo haitaki haraka. Yalikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu, hadi mtaalamu wa kilimo Rene Haller alipoanza kupanda mivinje 1971. Kivuli kile ndicho raha yenyewe, hasa joto la kaskazi likipamba moto. Mtoto wa miaka minne atataka kumtazama kobe mmoja mpaka atosheke. Kumvuta mkono kwa sababu foleni ya daraja la Nyali inasubiri ni kumnyima kile ulichomlipia.

Wenye vijana wakubwa wataweza zaidi, nakubali. Kwa wadogo, ningelipia sehemu moja kwa siku, asubuhi, na alasiri niyaachie maji yaamue. Diani ningeiacha kwa safari nyingine.