Mtoto wa Songea, bingwa wa Dar: kliniki ya utumbo ikae wapi?

Mtoto alikuwa hajala tangu jana yake mchana. Chakula kilikuwepo, alikikataa mwenyewe. Ana miaka 12, utumbo wake mpana una vidonda vinavyomkimbiza chooni mara nane hadi kumi kwa siku, na alijua kuwa basi la kutoka Songea halisimami kila mtu anapotaka. Mama yake alibeba suruali mbili za akiba, khanga kuukuu na kopo la plastiki lenye mfuniko. Zaidi ya kilomita 900 hadi Dar es Salaam, na asubuhi yake kliniki. Muuguzi alimpima, akaandika kwenye faili kuwa amepungua kilo moja. Kupungua alikuwa amepungua kweli, ila ndani ya kilo ile ilikuwemo njaa ya safari.

Nilikaa na mama huyo benchi moja, nami nimempeleka mtoto wa dada yangu kwa tatizo hilohilo. Tangu siku ile swali limenikaa: watoto wenye magonjwa haya wakusanywe kwa mabingwa wabobezi wachache walioko miji mikubwa, au huduma iwafuate waliko?

Nayazungumzia magonjwa mawili ya kudumu, ugonjwa wa Crohn na kolaitisi ya vidonda. Kinga ya mwili inaugeukia utumbo na kuuchoma kila siku. Mtoto anaumwa tumbo, anaharisha, mara nyingi na damu, anakonda, anaacha kurefuka. Kwetu huanza kwa kuambiwa ana amiba, anapewa vidonge, anapata nafuu ya wiki, inarudi, anapewa tena. Wengine wanaambiwa ni chango, wengine mkono wa mtu. Na kuna tundu moja kubwa katika utaratibu wetu: kadi ya kliniki yenye mstari wa ukuaji inaishia miaka mitano. Ugonjwa huu huwapata wengi wakikaribia balehe, wakati hakuna tena anayewapima urefu. Kwa mwenye Crohn, kudumaa kunaweza kutangulia hata maumivu ya tumbo. Mama anaona sare ya darasa la nne bado inamtosha akiwa la sita, anashukuru Mungu kwa kuokoa hela.

Wanaotaka watoto wakusanywe kwa mabingwa wana hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote ni kifua kikuu. Kifua kikuu cha tumbo na Crohn hufanana mno. Vyote hupenda pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana, vyote huleta homa, kukonda na maumivu, na hata kipande cha nyama kikiwekwa chini ya darubini, vinundu vinaweza kuonekana katika vyote viwili. Ukimpa mtoto mwenye kifua kikuu dawa za kushusha kinga, unaufungulia mlango ugonjwa usambae. Ukimpa mwenye Crohn dawa za kifua kikuu kwa miezi sita bila sababu, umemwibia miezi sita ya kukua, na utumbo unaweza kuwa umeanza kuziba. Kutofautisha kunahitaji kolonoskopi, yaani kamera inayoingizwa kuangalia ndani ya utumbo mpana, inayofanywa na mtu aliyezoea watoto, mtaalamu wa usingizi, na daktari wa maabara aliyekwisha kuona vipande vingi vya namna hiyo. Huwezi kuvipata vyote hivyo katika kila hospitali ya mkoa, na kwa mabingwa wa utumbo wa watoto wanaohesabika kwa vidole, kuwatawanya ni kuwapoteza.

Dawa nazo zinawaunga mkono. Azathioprini, dawa ya kushusha kinga, inaweza kushusha chembe nyeupe za damu bila dalili yoyote ya nje. Infliksimabu, nayo ya kushusha kinga, inayotolewa kwa dripu wiki ya 0, ya 2, ya 6 na baadaye kila wiki 8, inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, kwa hiyo mtoto lazima apimwe kwanza. Nimeona pia upande wa pili wa kukosa usimamizi: prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, iliyoandikwa kwa wiki chache ikaendelea kununuliwa duka la dawa karibu mwaka mzima, kwa sababu ilikuwa inazuia damu. Uso wa mtoto ukavimba, watu wakamsifu mama kuwa mwanawe amenenepa, kumbe kimo kimesimama. Kugatua huduma kwa kutoa dawa tu bila ufuatiliaji ni hatari kuliko basi la Songea.

Hata hivyo, ukiuangalia ugonjwa wenyewe jinsi unavyokwenda, sehemu kubwa ya kazi haihitaji kamera wala bingwa mbele yako. Kuna kipimo kinaitwa PUCAI, kilichotengenezwa Toronto, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2007, kwa ajili ya watoto wenye kolaitisi ya vidonda. Ni maswali sita: maumivu ya tumbo, damu, choo kikoje, mara ngapi kwa siku, kama mtoto anaamka usiku kwenda chooni, na kama anacheza au amelala tu. Alama zinaishia 85. Chini ya 10 ugonjwa umetulia, 65 na kuendelea ni hali mbaya ya kulazwa. Hakuna sindano wala maabara. Muuguzi wa Songea anaweza kuuliza maswali hayo, na mama anaweza kuyajibu kwa simu akiwa jikoni kwake.

Marekani walijifunza kitu cha aina hiyo. Mwaka 2007 kliniki kadhaa za watoto ziliungana katika mtandao wa ImproveCareNow. Zilikubaliana mambo ya kawaida kabisa: kila mtoto apimwe uzito na urefu kila anapofika, dozi ilinganishwe na uzito wake wa sasa, orodha ya wagonjwa ipitiwe ili asiyeonekana muda mrefu atafutwe. Idadi ya watoto ambao ugonjwa wao umetulia ikapanda bila kusubiri dawa mpya. Kwangu huu ndio ushahidi unaogusa hali yetu, maana tunaozoea kusema hatuna mashine tunasahau kuwa daftari tunalo.

Jirani zetu wa Rwanda nao walionyesha njia, wakianzia hospitali za wilaya: wauguzi waliofunzwa wakatunza wagonjwa wa kisukari kinachotegemea insulini na wa moyo. Mpango huo, PEN-Plus, ulipitishwa na nchi za Shirika la Afya Duniani (WHO) kanda ya Afrika mwezi Agosti 2022 huko Lomé, Togo. Magonjwa ya utumbo ya watoto hayakuwa miongoni mwa yaliyopewa kipaumbele, lakini muuguzi anayeweza kumfuatilia mtoto wa insulini anaweza kumfuatilia huyu pia.

Kambi za madaktari bingwa zinazopelekwa wilayani tangu 2024 nazipongeza kwa dhati, hasa kwa upasuaji na kwa kugundua wagonjwa. Kwa mtoto huyu hazitoshi. Bingwa anakaa siku chache anaondoka, ugonjwa unabaki miaka yote.

Kwa hiyo mimi nasimama hapa: safari ya kwanza kwa bingwa iwe ya mapema na ya lazima, hata kama ni mbali, ili jina la ugonjwa lijulikane kwa uhakika. Mwenye kuanza infliksimabu au aliyezidiwa arudi. Wengine wote wafuatiliwe na muuguzi mmoja wa karibu mwenye namba ya simu ya kliniki, na huyo muuguzi asihamishwe kila mwaka. Najua hilo la mwisho ndilo gumu kuliko kununua kamera.

Kabla hatujaitwa, yule mama aliniuliza kama damu ya kuhesabu chembe nyeupe haiwezi kuchukuliwa kulekule Songea. Inaweza. Kipimo hicho hospitali ya mkoa wanakifanya, na majibu yanatosha kwenye picha moja ya simu. Aliyekosekana ni mtu wa huku Dar aliyepewa kazi ya kuipokea picha hiyo, kuisoma, na kumjibu siku hiyohiyo.