Kibandiko Changu cha Usafi

Nilipoteuliwa kuongoza majaribio ya setilaiti, baada ya miaka mingi ya kukaza skrubu na kuwasomea wakubwa vipimo, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kutengeneza kibandiko. Nilikuwa nimeona alama za vidole kwenye fremu inayobeba setilaiti ndani ya chemba ya ombwe, yaani chumba kinachoondolewa hewa kiwe kama anga za juu, nikakasirika kama mkuu mpya anavyopaswa kukasirika, nikachapisha kwa herufi nyekundu: "TUNZA USAFI. HATA JASHO LAKO LAWEZA KUPOFUSHA KAMERA." Nikatia sahihi chini yake, nikakibandika kwenye mguu wa fremu, kisha nikarudi nyuma hatua mbili kutazama kama kimenyooka.

Mlango ulifungwa, pampu zikanyonya hewa, na kuta za chemba zikapozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Mambo yalikwenda vizuri hadi awamu ya joto. Humo ndani mna kipande kidogo cha fuwele kinachotetema wakati wote, na uchafu ukitua juu yake, hata ule usioonekana kwa macho, mtetemo wake hubadilika. Usiku ule ulianza kubadilika na haukukoma, nami nikasimamisha jaribio kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi getini.

Kufungua chemba si kama kufungua kabati. Lazima vyote vilivyomo vipashwe joto polepole, ili hewa inaporudi unyevu usigande juu ya vifaa, na saa zote hizo za kungoja nilizitumia kumsaka mchawi. Nani alipaka mafuta mikononi? Nani alivaa glavu iliyotoboka? Kijana mmoja alikiri kwa unyonge kwamba asubuhi, baada ya kunyoa ndevu, alijipaka manukato. Nilimhubiria kanuni yetu neno kwa neno: kitu kikikaa saa 24 katika ombwe kwenye joto la nyuzi 125, kisipoteze zaidi ya asilimia 1 ya uzito wake, na mvuke wake unaoweza kuganda kwingine usizidi asilimia 0.1. Maskini, aliandika yote kwenye daftari.

Mlango ulipofunguliwa, fundi mkongwe aliingia na tochi, akachuchumaa kando ya fremu, akanyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mkuu," akaniita kwa adabu, "gundi ya hiki kibandiko ilipimwa?"

Kilikuwa kimejikunja kama jani kavu. Maneno yalikuwa yamefifia, lakini sahihi yangu ilisomeka vizuri sana.

Kwa bahati, kifuniko cha kamera kilikuwa hakijaondolewa. Tulipangusa fremu kwa alkoholi, na kijana wa manukato ndiye aliyeniletea fomu ya tukio, yenye nafasi tatu: aliyesababisha, aliyechunguza na aliyeidhinisha.

"Hapa, mkuu," akanionyesha kwa kidole, bila kutabasamu. "Na hapa. Na hapa pia."