Namba ya Malalamiko

Kikundi chetu cha kompyuta kinakutana Sinza kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwenye darasa la kuazima ambalo feni yake inazunguka ikijisikia. Hakuna anayelipwa. Anayejua Python, lugha ya kuandikia programu, anafundisha, asiyejua anauliza, na mama mmoja wa mtaa huohuo anatuletea chai na chapati. Mimi ni katibu. Cheo hicho nilipewa siku niliyochelewa kikao, sikuwepo kukataa.

Mwaka jana dada mmoja mgeni aliuliza kwa nini programu yake inagoma. Fundi wetu wa Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, bila hata kugeuza shingo, akamjibu, "Soma mwongozo." Dada akafunga laptopu akaondoka, na chapati alikuwa ameshailipia. Ilibidi tumpigie simu kumbembeleza arudi. Hapo ndipo tukakubaliana kwamba tunahitaji kanuni za mwenendo, nami nikajitolea kuziandaa.

Kuandaa ni neno kubwa. Nilichukua Contributor Covenant, maandishi ya Kiingereza ya kanuni za mwenendo aliyoyaanzisha Coraline Ada Ehmke mwaka 2014 na ambayo miradi mingi ya programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha, inayatumia. Kikaoni nikatamba nayo: "Hata watu wa Linux waliyachukua Septemba 2018, na mwezi huohuo Linus Torvalds mwenyewe, aliyeianzisha, akaomba radhi kwa barua pepe zake za ukali!"

Fundi akapiga hesabu. "Linux imeanza 1991. Wenzetu wamekaa miaka 27. Sisi tuna mitatu. Haraka ya nini?"

Nilitafsiri usiku mmoja kwenye simu, umeme umekatika, chaji asilimia 19. Neno la Kiingereza la kumnyanyasa mtu, programu ya kutafsiri ikanipa "usumbufu". Nikaona sawa tu. Maandishi yale yana pengo ndani ya mabano, herufi kubwa tupu, linalokutaka ujaze mahali pa kupeleka malalamiko. Laini yangu ya pili siijui kwa kichwa, kwa hiyo nikaenda kuinakili, nikarudi, nikaibandika. Kumbe kule sikubonyeza sawasawa. Kilichobandikwa ni namba niliyoinakili jioni ile nikimtumia mama hela yake ya chapati.

"Wangapi wamesoma?" niliuliza kikaoni. Kimya. "Wangapi wanapitisha?" Mikono yote juu, na mmoja kanyosha miwili. Kesho yake steshenari ya Mwenge wakanichapia bango la mita moja na nusu, nikalipiga picha nikaitupia kwenye grupu la WhatsApp kwa fahari kabisa.

Kifungu cha tatu kilisema: "Usumbufu wa aina yoyote ni marufuku."

Sasa niambie, Mtanzania gani anaomba msaada bila kuanza na "samahani kwa usumbufu"? Kijana wa kwanza akaandika, "Samahani kwa usumbufu, naomba msaada wa Git." Fundi akamrushia picha ya kifungu cha tatu kimezungushiwa duara jekundu. Chini yake: "Amekiri mwenyewe." Grupu likafa siku mbili. Siku ya tatu mtu akaandika "Samahani kwa usu", akafuta, akaandika "Hamjambo", akatoka hewani. Na kwa kuwa kifungu cha tano kilikataza mizaha ya asili ya mtu, Mpare wetu na Mchaga wetu, watani wa jadi wasiokaa dakika tano bila kutupiana la ubahili, wakaanza kuamkiana kama mabalozi.

Alhamisi mama akanipigia.

"Mwanangu, kuna nini huko kwenu? Huyu wa leo ni wa nne."

"Shikamoo mama. Wa nne wa nini?"

"Marahaba. Wananipigia. 'Shikamoo mama, nina malalamiko.' Wa kwanza nikajua chapati haikuiva, nikamwambia nitamrudishia mia tano yake. Akasema hapana, eti kuna mtu anamkatisha kila akiongea."

Nikafungua picha ya bango, nikasoma namba tarakimu moja moja. Jasho likanitoka.

"Mama, samahani sana kwa usu... samahani tu. Nimekosea namba. Wakipiga tena waambie wanitafute mimi."

"Watatu nimeshawamaliza. Mmoja alitaka pole, nimempa. Wawili walikuwa wanalalamikiana wao kwa wao, nimewaambia wapigiane, wamepigiana. Ni huyu wa nne. Anakulalamikia wewe."

Alikuwa yuleyule dada. Siku ya kuzisoma kanuni alinyoosha mkono, nami nikamwambia, "Dada, hebu nyamaza kwanza nimalizie kifungu cha kusikilizana." Nilitaka kumwambia mama sikumbuki. Bahati mbaya nilikumbuka hata kidole nilichomnyooshea.

Maandishi yale yana ngazi nne za adhabu: kurekebishwa, kuonywa, kusimamishwa kwa muda, kufukuzwa kabisa. Mama hajawahi kuyaona. Yeye akaja na yake: Jumamosi nisimame kabla ya chai, niombe radhi mbele ya watu, na siku hiyo nisile chapati.

Nilisimama. Nilipomaliza, fundi akauliza kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Katibu, kama ile namba ingekuwa yako, haya malalamiko yangemfikia nani?" Walicheka mpaka umeme ukakatika.

Tukafanya marekebisho gizani, kwa tochi za simu. "Usumbufu" nikaufunika kwa karatasi na selotepu, nikaandika "unyanyasaji". Utani ukaruhusiwa kwa watani wenyewe, mtu wa pembeni asidandie. Hicho peke yake kilijadiliwa dakika arobaini, na sehemu kubwa ilikuwa ni utani wenyewe. Nilipofika kwenye namba na kuchomoa kalamu, darasa zima likapiga kelele, "Acha hapohapo!"

Mama alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Akauliza kama kazi hiyo ina vocha. Mweka hazina akasema ipo, elfu mbili kwa mwezi.

"Haya," akasema, akitua hotipoti mezani. "Na wewe katibu, hiyo sahani nakuona. Irudishe."