Ajali ina kinga, imelala chini ya benchi

"Ajali haina kinga," husema watu wakishamaliza kumfunga mwenzao bandeji. Kwenye karakana kauli hiyo si kweli. Ajali ya msumeno wa meza ina kinga: lile kava lililokuja na mashine. Ukilitafuta utalikuta chini ya benchi, limejaa vumbi, boliti yake moja imepotea.

Lilivuliwa kwa nini? Jibu jepesi, kwamba mafundi ni wazembe, ndilo linalozaa mabango ukutani, faini na semina ya nusu siku, na baada ya wiki kava liko palepale chini ya benchi. Msimamo wangu ni kwamba kinga hung'olewa kwa sababu, na mara nyingi sababu hiyo imo ndani ya kazi yenyewe. Mwenye karakana anayetaka utamaduni wa usalama aitafute kwa makini yaleyale anayotumia kutafuta kwa nini mlango haukai kwenye fremu.

Tuanze na msumeno huohuo. Diski ya milimita 250 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, meno yake huenda mita 52 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 180 kwa saa. Wengi huyaogopa meno ya mbele kwa kuwa wanayaona. Yanayorusha mbao ni ya nyuma. Mbao yenye mkazo ndani yake hujibana ikishapasuliwa. Meno ya nyuma, ambayo yanapanda, huidaka, huiinua na kuitupa kwa fundi. Mkono uliokuwa ukisukuma ghafla hauna cha kusukuma, na mbele yake ipo diski. Dawa ni lile bamba la chuma linalosimama nyuma ya diski na kuuzuia mkato usifunge. Liwe nene kuliko mwili wa diski, jembamba kuliko upana wa mkato, na lisiachane na meno kwa zaidi ya milimita 8. Mtu akinunua diski nyembamba na kuliacha bamba la zamani, mbao hukwama kwenye bamba. Fundi hulaani bamba, hulifungua, na kazi huenda. Hapo aliyekosea ni aliyenunua diski bila kupima.

Sababu ya pili ni mifereji. Kwenye mashine nyingi kava limefungwa juu ya bamba hilo. Fundi akitaka kuchimba mfereji usiotoboa mbao hana njia ila kuvua vyote viwili. Kuvirudisha kunataka spana na dakika kadhaa, na kipande kinachofuata kinasubiri. Havirudi. Njia nzuri kuliko zote ni kuihamishia kazi ya mifereji kwenye mashine ya kuchimbia, msumeno ubaki wa kupasulia tu. Isipowezekana, kava lining'inie kwa mkono wake kutoka pembeni au juu, na bamba liwe fupi kidogo kuliko kilele cha diski na lipande na kushuka pamoja nayo, ili libaki hata wakati wa mifereji. Na kama kava la diski linafungwa kwa boliti, weka kifungio cha kuzungushwa kwa vidole. (Si kava la mikanda na puli. Hilo libaki na boliti zake, maana hakuna kazi inayodai lifunguliwe mashine ikizunguka.) Kijiti cha kusukumia kitumike milimita 300 za mwisho za kila mkato, na kitundikwe kwenye mashine yenyewe. Kikiwa ukutani upande wa pili, kidole ndicho kitakachokuwa kijiti.

Grainda nayo ina kisa chake. Kava la grainda ya milimita 115 huvuliwa ili iingie diski kubwa, kwa sababu diski ndogo haifiki kina kinachotakiwa. Piga hesabu. Diski nyingi za kukatia zimetengenezwa kwa mwendo usiozidi mita 80 kwa sekunde ukingoni. Ndiyo maana ile ya milimita 115 huandikwa mizunguko kama 13,300 kwa dakika na ile ya 230 huandikwa kama 6,600 tu. Ukiifunga ya 230 kwenye grainda ndogo inayozunguka 11,000, ukingo unakwenda zaidi ya mita 130 kwa sekunde. Diski hupasuka vipande, na kava ambalo lingevizuia ndilo lililovuliwa. Hapa hakuna ujanja wa kifungio wala onyo. Kina hicho kinataka mashine kubwa, au kazi ikatwe pande mbili. Anayekataa kununua mashine kubwa ajue ameamua nini.

Glavu karibu na kitu kinachozunguka ni kosa jingine linalotokana na nia njema: kitambaa hudakwa na kuvuta mkono mzima.

Sasa vumbi, ambalo halimwagi damu na kwa hiyo halina heshima. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani mwaka 1995, na vumbi la silika, lililomo katika udongo wa mfinyanzi na katika mawe mengi, mwaka 1997. Linaloingia ndani kabisa ya pafu ni lile dogo kuliko mikroni 10 (yaani sehemu ya mia ya milimita), ambalo jicho halilioni. Ukitaka kuliona, zima taa, washa tochi kali, na utazame mwale wake kutoka ubavuni. Karakana iliyoonekana safi itajaa ukungu.

Saa mbaya mara nyingi ni ya kufunga kazi, wakati barakoa zimeshavuliwa na ufagio mkavu umetoka. Ufagio huchukua yote yaliyotulia sakafuni na kuyarudisha hewani, na anayeushika ni mwanagenzi. Mwenye mshahara mdogo kuliko wote ndiye anayevuta vumbi jingi kuliko wote. Huo nao ni utamaduni, hata kama hakuna aliyeuandika. Kompresa ya kupulizia nguo na benchi ni mbaya zaidi. Kwa udongo: masalia yaokotwe yakiwa bado mabichi, sakafu ipigwe deki, aproni ifuliwe badala ya kukung'utwa. Kwa mbao: mashine ya kufyonza yenye kichujio cha chembe ndogo, au angalau maranda yaliyoloweshwa yamwagwe kabla ya kufagia. Barakoa ya kitambaa haifanyi kazi hapa. Inatakiwa ya kuchuja chembe ndogo, iliyoandikwa FFP2 au N95, nayo haikamati vizuri juu ya ndevu.

Kelele nitaipita haraka: ukilazimika kupaza sauti kwa mtu aliye urefu wa mkono, huenda umefika desibeli 85, kelele ambayo sikio halipaswi kuivumilia zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu, hivyo desibeli 94 ni saa moja tu.

Matambara ya mafuta ya kitani yanastahili kopo la chuma lenye maji na kifuniko. Mafuta hayo yakikauka huungana na oksijeni na kutoa joto. Tambara likifinyangwa, joto halitoki, na saa kadhaa baadaye, watu wakiwa wamelala, linawaka lenyewe. Kopo liwekwe kando ya meza ya kupakia. Likiwa mlangoni matambara yatarundikwa kwenye kona iliyo karibu.

Kuna sababu moja ya kuvua kinga ambayo spana haiiponyi: malipo kwa kipande. Fundi anayelipwa kwa idadi hulipia kila dakika ya usalama kutoka mfukoni mwake. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Kumkata fundi pesa ya miwani ni kuukiuka waziwazi. Kutolipa dakika za kurekebisha kava na kufuta sakafu, kwa maoni yangu, ni jambo lilelile. Dakika hizo zihesabiwe ndani ya bei ya kipande.

Kisha liwepo daftari la kunusurika: mbao iliyorudi bila kumgonga mtu, diski iliyopasuka ndani ya kava. Safu tatu zinatosha: kilichotokea, kilichokuwa kinazuia kufanya kwa njia salama, kilichorekebishwa na tarehe. Safu ya jina isiwepo. Fundi mkuu aandike la kwake kwanza, kwa sababu wanagenzi hawatamtangulia kukiri. Safu ya tatu ikikaa tupu wiki mbili, daftari limekufa na hakuna atakayeandika tena.