Mikono tunayo, wa kuifundisha nani?

Asubuhi hii nikiwa mapokezi nilimwandikia miadi bibi mmoja, na kompyuta ikanionyesha maelezo pembeni ya jina lake: kiti cha magurudumu, upande wa kushoto dhaifu, anahitaji mtu mmoja wa kumhamisha. Nikampangia chumba kipana karibu na mlango, na muda wa ziada kwa daktari. Nayapenda sana maelezo yale. Na kila nikiyasoma, naikumbuka Dar moyo unachafuka.

Kazi yangu hapa Houston ni ya simu na mafaili, halafu wagonjwa vyumbani, na kote huko swali ni hilohilo: huyu mtu anatembeaje? Kwetu faili lina jina, umri, mtaa, bima au taslimu. Habari ya miguu utajuana na ngazi.

Najua mtasema, "Huyo keshakuwa Mmarekani." Sijawa. Mbagala ndiyo iliyonilea, na kuna jambo la kwetu ninalojivunia mbele ya yeyote: mgonjwa haendi hospitali peke yake. Hapa nawaona wazee wanashushwa na gari la kukodi, hakuna hata wa kuwashikia koti. Mpeleke mtu Amana au Mwananyamala uone: shangazi na chupa ya uji, watoto wa kaka wanagombea kumbeba. Mikono ile huku hainunuliki.

Lakini haijafundishwa, na hapo ndipo ninaposhindwa kunyamaza. Baba yangu mkubwa alipopata kiharusi, alipewa ruhusa na bahasha ya dawa, basi. Vijana wakamtoa kwenye bajaji kwa kumvuta mkono uliopooza. Misuli ya bega la upande ule huwa imelegea. Ukivuta, mfupa unaacha nafasi yake. Mzee aliteseka na bega lile kuliko na kiharusi chenyewe, na waliomvuta ndio waliompenda kuliko wote.

Kumbe namna yenyewe ya kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti inafundishika. Kiti kiwe upande wake wenye nguvu, breki zifungwe, vikanyagio vikunjwe. Asogee ukingoni mwa kitanda, nyayo zikae chini, ainame mbele kidogo. Wewe kunja magoti, si mgongo, umshike kwenye mkanda mpana uliofungwa kiunoni juu ya nguo. Kwapani na mkononi usiguse. Hesabuni tatu pamoja, ainuke, ageuke kwa hatua fupi hadi nyuma ya magoti yake iguse kiti, ndipo akae. Mkongojo ushikwe na mkono wa upande mzima, sio ule wa mguu mbovu. Anayetembelea magongo abebe uzito kwa viganja, maana kwapa likielemewa mishipa ya fahamu ya mkono huumia. Kwenye ngazi, kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza mbovu.

"Manesi wachache, wodi zimefurika, wewe unatuletea mikanda!" Hayo nayajua, nimelala chini ya vitanda vya hizo wodi nikiuguza. Sijasema nesi abebe. Mbebaji yupo, amekaa kwenye benchi nje tangu asubuhi akingoja karatasi ya ruhusa. Aitwe ndani, aonyeshwe, kisha afanye mwenyewe akitazamwa. Mkanda hata fundi wa Kariakoo anaushona kwa turubai na kifungo cha chuma. Na msiseme ujuzi ni wa wazungu: MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wapo wataalamu wa viungo, hospitali ya CCBRT wapo, hospitali ya KCMC kule Moshi wanawafundisha, na wote wananizidi mimi kwa mbali.

Mgonjwa hatoki getini bila karatasi kuonyesha kuwa amelipa. Basi karatasi ya ruhusa nayo iongezwe mstari mmoja: ndugu ameonyeshwa jinsi ya kumhamisha mgonjwa, jina lake, sahihi yake. Usipojazwa, mgonjwa asiruhusiwe.